Siku Niliyowatembeza Wazee hadi Ihumwa

Enzi zetu, wenzangu mliokuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda, habari za nchi hazikuzagaa ovyo. Zilikuwa na mwenyewe. Kijijini kwetu, upande wa Chamwino, mwenyewe nilikuwa mimi, binti wa darasa la nne, miguu myeupe kwa vumbi. Msicheke.

Shule ilikuwa na redio moja, ya Mwalimu Perpetua, mtu wa Songea, mwembamba, mkali, aliyetufundisha siasa. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya paa la tembe mpaka zipate uhai. Saa saba mchana tulikaa chini ya dirisha lake, matumbo yananguruma, tukasikiliza taarifa ya habari. Kisha kila mtoto alikuwa na kaya zake za kupelekea. Wazazi wetu Kiswahili kiliwapiga chenga, basi tulisikia kwa Kiswahili, tukasimulia kwa Kigogo. "Raia asiyejua linaloendelea ni kama ng'ombe mnadani," Mwalimu alisema. "Anauzwa huku anatafuna."

Nilijivuna jamani! Mtoto wa kike anafika nyumbani, wazee wanamsogezea kigoda. Baba yangu, ambaye hakuwahi kuniuliza zaidi ya ndama wako wapi, alikatiza soga za wenzake: "Nyamazeni, serikali imefika." Walicheka, lakini walinyamaza. Karanga za kuchemsha nilipewa kabla sijafungua mdomo.

Mwaka mmoja mvua ilitukataa. Uwele ulikauka haujafika magotini, ugali ukawa wa kulambishwa watoto tu. Alhamisi moja, niseme ukweli, redio sikuisikiliza. Tulikuwa nyuma ya darasa tunacheza rede, na mimi nilikuwa sijatolewa bado. Nani angeacha? Nilipofika nyumbani niliwakuta wananisubiri, nyuso zimewanyauka. Babu Masaka, jirani yetu mwenye punda, akauliza, "Haya mjukuu wangu, serikali inasemaje kuhusu njaa yetu?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini kile kigoda kilikuwa kimenipanda kichwani. Nikasema, "Mahindi yanakuja kwa treni. Yanashushwa stesheni ya Ihumwa Jumamosi."

Sikusema kwa ubaya. Nilitaka sana iwe kweli.

Jumamosi kaya sita zilitoka alfajiri na magunia matupu, Babu Masaka mbele na punda wake. Mimi nilibaki nyumbani, nachungulia njia. Walirudi jua linazama. Stesheni walimkuta mlinzi mmoja tu, akawaambia, "Mahindi gani, wazee wangu? Leo hata treni haipiti." Babu Masaka alipita mlangoni kwetu bila kunitazama. Angenichapa ningeshukuru.

Baba naye hakunichapa. Alisema tu, "Shule imekwisha. Jumatatu utakwenda na ng'ombe."

Nilikwenda na ng'ombe. Nililia njia nzima, nikaapa mbele ya ndama kwamba sitadanganya tena. Jioni niliporudi nilimkuta Mwalimu Perpetua uani kwetu, amekuja kwa miguu kunitafuta. Sasa sikilizeni mkasa: yeye Kigogo hajui, baba Kiswahili cha kubahatisha. Nikawa mkalimani wa kesi yangu mwenyewe.

"Mwambie," baba akafoka, "huko kwake wanafundisha uongo!" Nikamwambia, na mkasa wa mahindi nikaumwaga wote.

Nilidhani Mwalimu atanitetea. Wapi! Alitaka kaya zote sita ziitwe, akanisimamisha katikati. "Sema." Nikasema sikusikia habari yoyote, nilikuwa nacheza. Waliguna kama mbuzi zizini. Ndipo akawageukia wao, yeye mgeni, mwanamke, tena kijana: "Waambie: mtoto amekosa na adhabu ataipata. Lakini shikamooni wazee wangu, watu wazima wa kaya sita, yupo aliyemuuliza amesikia wapi, nani kasema?"

Ningeweza kulilainisha neno lile, hakuna ambaye angejua. Nikalitafsiri lote, na shikamoo yake. Ndiyo habari ya kwanza niliyoifikisha bila kuitia chumvi.

Kisha Babu Masaka akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Punda wangu aliuliza," akasema. "Aligoma pale korongoni, nikamchapa bakora!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata baba akauma mdomo asicheke. "Basi arudi shule," akasema. "Ila atahojiwa."

Nikahojiwa kweli, kila siku. Umesikia kwa sikio lako? Aliyesema ni nani? Kipi umekisahau? Nikazoea kusema "hilo sijui" mbele ya watu, na sikufa. Nilisoma miaka miwili zaidi, mama akaugua, nikaacha. Ni kidogo, najua. Lakini kwa hicho kidogo nimesoma hati za viwanja vyangu kabla ya kuweka dole, nimepanda zabibu, nimejenga vyumba Ipagala mjini, na mgombea akija barazani kwangu haondoki bila kujibu. Mwalimu Perpetua, popote ulipo, ahsante. Ungenitetea siku ile ungeniharibu.

Leo nimewapangisha vyumba wanafunzi wa kidato cha nne. Uraia wanaukariri kama kasuku: haki, wajibu, mihimili ya dola. Juzi nikawauliza, "Mwenyekiti wa mtaa wetu ni nani?" Mmoja akajibu, "Bibi, hilo halipo kwenye silabasi." Mwenyekiti mwenyewe anakaa nyumba ya tatu, na kila asubuhi wanapishana na mbuzi wake!

Siwalaumu sana. Simu zao zimejaa habari za dunia nzima, wanazisoma wenyewe, wanacheka wenyewe, wanalala. Nyumbani hakuna anayewasubiri awaulize kitu. Enzi zetu neno la mtoto liliwainua watu wazima wakatembea mpaka Ihumwa na magunia begani. Siku hizi mtoto anasema, na hakuna anayenyanyua macho.