Kaa Kike

Nianze na kigoda, maana bila kigoda hutanielewa. Studio yangu ya picha ilikuwa Kibaoni, hapa Ifakara, chumba kimoja cha mbele na kichumba cha giza nyuma yake, na pale mbele nilikuwa na kigoda cha mninga. Hakikuwa cha mteja. Kilikuwa changu mimi, cha kusimamia. Akija mwanamume nilichuchumaa, nikampiga kutoka chini, akatoka mrefu kama nguzo ya simu. Akija mwanamke nilipanda kigodani, nikampiga kutoka juu, akalazimika kuinua macho, na mtu akiinua macho anaonekana mpole. Mzee aliyenifundisha kazi kule Mahenge alifanya hivyo, na mimi nikafanya hivyo. Sikuuliza.

Tena nikishapanda nilisema maneno mawili tu: "Kaa kike." Na akina mama walikuwa wanaelewa! Miguu inaungana, kichwa kinalala upande, mkono unakuja chini ya kidevu, mdomo unafungwa. Siku moja alikuja mama wa Kisukuma, wale waliohamia bondeni na ng'ombe wao, nikamwambia hivyohivyo, akaniuliza, "Kwani sasa hivi nimekaa kiume?" Nilicheka sana. Halafu nikamkalisha nilivyotaka mimi, na picha yake ikatoka kama za wenzake wote. Ng'ombe wa yule mama walikula mpunga wa shemeji yangu kule Michenga mwaka uliofuata, ikawa kesi ndefu, lakini hiyo tuiache.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Kuandika huku nimekuzoea ukubwani, kwa kuandika majina nyuma ya picha, kwa hiyo nikikosea mtanivumilia.

Sasa, katikati ya miaka ya tisini, mwaka wenyewe siukumbuki ila mpunga ulikuwa umeshavunwa, aliingia binti mmoja studio na kamera shingoni. Suruali, nywele fupi, viatu vya kufunga kamba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Pasipoti au ya ukutani?"

"Hapana, nimekuja kujifunza."

"Wewe si una kamera yako tayari? Unasoma wapi?"

"Nasoma chuo, Dar es Salaam. Kule wanatufundisha kamera, fundi. Watu hawatufundishi."

Jibu hilo lilinipendeza. Baba yake alikuwa kibarua wa mashamba ya miwa, Mngoni aliyekuja kukata miwa akabaki. Chuo kilimpa kazi: apige picha kumi na mbili za nyuso za wanawake, kisha aandike maelezo kuhusu swali la mwalimu wake. Swali lenyewe lilikuwa hivi: katika picha ya uso, uanamke unakaa wapi?

"Unakaa kwenye kanga," nikamwambia. "Andika hivyo, urudi kwenu."

Hakurudi. Alikaa kwangu wiki tatu, akilala chumba kimoja na binti zangu. Nilimfundisha kila nilichojua. Nilimfundisha mwanga wa dirishani, kwamba mtu umweke ubavu dirishani na upande wa pili umshikie shuka jeupe ili kivuli kisimle uso. Nilimfundisha kulenga jicho lililo karibu, siyo pua. Nilimfundisha kungoja mtu ashushe pumzi kwanza. Alishika haraka, akaanza kunirudishia maswali.

"Fundi, kwa nini wanaume unachuchumaa na wanawake unapanda?"

"Ndivyo inavyopendeza."

"Inampendeza nani?"

"Mwenye kulipa."

"Anayelipa ni mama mwenyewe, fundi. Umeshawahi kumuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Kesho yake nilikuta kigoda kiko nje, amekikalia anasafisha lenzi. Alipiga wanawake macho kwa macho, kimo kimoja. Hakuwaambia wakae vipi. Alipanda baiskeli mpaka Namawala kuwapiga waliokuwa wakipepeta mpunga. Mama mmoja kule alidhani ni wale watafiti wanaokuja kukamata mbu majumbani, akamwambia, "Mbu wetu mmeshawamaliza wote, rudi mvua ikinyesha." Binti akampiga picha akiwa anasema hayohayo, mkono kiunoni.

Nilisafisha filamu ile mwenyewe. Mimi barua nasoma kwa shida, lakini filamu iliyosafishwa, pale weusi unapokuwa weupe na weupe unapokuwa weusi, nilikuwa nasoma kama wenzangu wanavyosoma gazeti. Nikaona picha ni nzuri. Nikaona ni nzuri kuliko zangu. Nilimwambia, "Siyo mbaya."

Mke wangu ni Mndamba, na kwetu Mndamba na Mngoni ni watani. Basi nyumba haikulala kimya tena. Asubuhi kabla ya uji, binti anaanza:

"Mtani, umeamka? Babu yako alimkimbia babu yangu mpaka huku kwenye matope, ndiyo maana mnaishi na vyura."

"Babu yako alikuja anatafuta panya wa kula. Akaonja samaki wetu, akasahau vita. Kaa chini ule, mateka."

"Ungeolewa na Mngoni, mtani, ungeona raha."

"Nimlishe nini? Ghala la panya sina."

Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Mke wangu mbele ya wateja wangu ni mtu wa maneno machache. Picha zake nilikuwa nazo nne, zote nilipiga mimi, zote mkono chini ya kidevu.

Siku moja mchana nilikuwa kwenye chumba cha giza, mikono imo kwenye dawa, nikasikia kicheko uani. Nilidhani amekuja jirani. Kicheko kile kilipanda, kikakatika, kikaanza upya, na katikati yake nikasikia kamera: tak, tak. Nikatambua kuwa anayecheka ni mke wangu. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na saba na sikuijua sauti ile. Ningeweza kutoka. Picha zilizokuwa kwenye dawa zilikuwa za pasipoti, hata zingeharibika ningezirudia. Sikutoka.

Jioni yule binti akaniletea filamu. "Fundi, hii uisafishe kwa upole. Ya mtani wangu imo humu, nadhani ndiyo nitakayoiweka ya kwanza pale chuo."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Na mimi nataka yangu, ya ukutani! Ameniahidi."

Hajawahi kuniomba picha. Zile nne nilimpiga kwa sababu nilitaka kuzibandika dirishani kuvuta wateja.

Niliisafisha siku iliyofuata. Nikaianika, ikakauka, nikaishika kwenye mwanga wa mlango. Zilikuwa picha za akina mama wa sokoni, halafu katikati zikaja sita za mke wangu. Amekaa chini, ungo umekaa mapajani, magoti mbali, kanga imeanguka begani, mkono umenyanyuka na misuli yake yote ya kutwanga. Mdomo wazi. Pengo lake la pembeni, ambalo kwenye picha zangu nilikuwa namwambia alifiche, lilikuwa mbele kabisa. Na macho yalikuwa yanamtazama mpiga picha sawasawa, bila kuinuliwa.

Niseme ukweli, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika. Kwanza niliona aibu. Nikawaza: watoto wa chuo Dar es Salaam watamwona mke wa mtu amekaa hivi, watauliza huyu mumewe ni nani. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na kwa miaka mingi nilijiambia ni hiyo tu. Lakini ya pili ilikuwapo palepale, nayo ni mbaya zaidi. Mke wangu alinikalia mbele ya kamera miaka yote hiyo na hakunipa uso ule. Mgeni wa wiki tatu akapewa.

Nikachukua mkasi. Filamu tulikuwa tunaikata vipande vya picha sitasita. Nikakata vyote vizuri, kipande kile kimoja nikakipeleka kwenye jiko la mkaa uani. Mke wangu alikuwa amekwenda bombani. Kilijikunja kama jani la mgomba, kikatoa moshi mchungu. Aliporudi na ndoo akauliza, "Nini kinanuka?"

"Nailoni," nikasema.

Yule binti alipokuja nikampa vipande vyake kwenye bahasha. "Zimetoka vizuri, ila katikati pameungua. Mwanga uliingia."

Unajua wapiga picha tunavyosema, picha imeungua, tukimaanisha imeingiliwa na mwanga. Nilijiambia sikusema uongo wote, kweli iliungua. Mtu akitaka kujidanganya, lugha inamsaidia.

Akavitoa kimoja kimoja, akavipanga mezani. Pembeni mwa filamu kuna namba, moja mpaka thelathini na sita. Alipitisha kidole kwenye namba. Kidole kikafika mwisho wa kipande kimoja, kikaruka, kikatua mwanzo wa kipande kingine.

"Katikati tu, fundi?"

"Katikati tu."

"Na kipande chenyewe?"

"Nimetupa. Cha nini? Kilikuwa cheusi chote."

Aliniangalia. Nilishika kitambaa nikaanza kufuta kamera iliyokuwa safi. Nilingoja anibishie, na nadhani angenibishia ningekiri, maana nilikuwa tayari nimechoka na uongo ule ukiwa na dakika tano. Akasema, "Sawa, baba." Siku zote aliniita fundi. Siku ile aliniita baba.

Ningeweza kumwambia apige tena. Mke alikuwa palepale uani. Binti mwenyewe hakuomba. Siku mbili baadaye aliaga. Mke wangu alimsindikiza stesheni na kilo tano za mchele kwenye mfuko, wakitaniana njia nzima, mimi nyuma na begi lake. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, tukakaa saa tatu kwenye benchi moja, na saa tatu zote hizo nilikuwa nafunga na kufungua kamba ya begi lake. Aliondoka na picha kumi na moja. Kama chuo kilizipokea, sijui. Barua hakuandika, na mimi sikuandika.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu kuhusu picha yake. Nikamwambia iliungua. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Studio niliifunga simu za kamera zilipoingia na kila mtu akawa fundi. Mwaka juzi tulikuwa tunahamisha makopo ya zamani, zikaanguka zile picha zake nne. Akaziokota, akazisogeza mbali na macho jinsi tunavyofanya sisi wazee.

"Huyu mama ni nani?"

"Acha mzaha. Ni wewe."

"Mimi sijawahi kukaa hivi hata siku moja. Mkono unauma kumuangalia tu."

Nikakaa juu ya kopo. Nikamwambia yote: filamu, mkasi, jiko. Nilitegemea kelele. Aliendelea kuzipanga zile picha kwa ukubwa, na zote zilikuwa na ukubwa mmoja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Baba watoto, nimekuanikia filamu miaka mingapi? Mwanga ukiingia unakula mwanzo au unakula mwisho. Haurukiruki kama chura ukatua katikati. Halafu nailoni hainuki vile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshaniona kwenye ile filamu, ukanitupa motoni. Nikasema basi, ndivyo alivyoniona, mbaya."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia hakuwa mbaya, kwamba niliona wivu, kwamba sikujua kama mtu anaweza kuonea wivu kicheko. Maneno yalinitoka vipandevipande, na nilipomaliza yalikuwa hayajafika hata nusu ya yale niliyoyaona pale mlangoni nimeshika filamu. Picha ile iko kichwani mwangu peke yangu sasa. Yeye mwenye uso hajawahi kuiona. Nikifa inakwisha.

"Nikupige nyingine," nikasema. "Kwa simu ya mwanao. Ukae unavyotaka."

"Sasa hivi?" Akanionyesha ufizi. "Pengo wakati ule lilikuwa na majirani. Sasa limebaki pengo tupu."

Tulicheka kidogo, lakini hakikuwa kicheko kile, na wote tulijua. Ndipo nikamuuliza jambo ambalo ilinipasa niliulize mchana uleule, kwa kufungua tu mlango wa chumba cha giza. Nikamuuliza yule mtani wake alimwambia nini hata akacheka vile.

Akaweka picha chini. Akatazama uani, pale alipokuwa amekaa na ungo, midomo ikitikisika kama mtu anayetafuta wimbo.

"Kilikuwa kitu cha kijinga," akasema. "Kuhusu wewe, nadhani. Kuhusu wewe na kitu fulani." Akatikisa kichwa. "Kimenitoka. Ningekuwa na ile picha ningekumbuka."