Bakuli la Maziwa Juu ya Friji

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Garsen nilipofungua mlango wa friji mara kumi na moja kabla watu hawajamaliza chai. Hesabu hiyo niliifanya baadaye, nilipokwisha kutulia na kuona aibu. Wakati wenyewe sikuwa nahesabu kitu. Mkono ulikwenda kwenye kitasa bila kuniuliza. Mlango unafunguka, natia kiganja ndani, natafuta baridi, siipati, nafunga. Natembea hatua mbili kuelekea dirishani. Narudi tena.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, wewe hujazaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeshuka na mto kutoka kwetu Wenje, nikaajiriwa kutunza stoo ya kituo cha mifugo. Kazi hiyo niliipata kwa sababu nilijua kutengeneza taa za karabai, na ujuzi huo sikufundishwa na mtu. Niliokota karabai moja mbovu, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka nikajua kila kipande kinafanya nini. Basi nikajiona fundi. Na kijana anayejiona fundi ana hatari yake: akiona nati, anadhani inamwita.

Friji yenyewe ilikuwa ya mafuta ya taa. Huenda hujapata kuiona, kwa hiyo nikueleze. Chini ina tangi dogo la mafuta na utambi. Utambi ukiwaka, joto hupanda kwenye bomba la moshi lililo nyuma. Kando ya bomba hilo kuna mabomba mengine yaliyofungwa kabisa, yana dawa kali ndani yake, na dawa hiyo ikipashwa moto huzunguka polepole na kuleta baridi upande wa mbele. Watu walikuwa wakija kituoni kuitazama tu. Moto unaotoa barafu! Wengine waliinama kuchungulia ule utambi, wakainuka wakitikisa vichwa, wakaniangalia mimi kana kwamba ndimi niliyeiunda. Sikuwasahihisha.

Siku moja kabla ya asubuhi hiyo, lori lilitoka Malindi na kuleta sanduku la chupa za chanjo ya sotoka, zimefukiwa katika barafu na maranda. Sotoka, ugonjwa unaofyeka ng'ombe, ilikuwa imeonekana upande wa kaskazini, na wafugaji walikuwa wamekwisha kuteremsha ng'ombe wao karibu na Garsen kungoja sindano. Bwana Mifugo, mkubwa wangu, alinikabidhi sanduku mwenyewe.

"Dawa hii ikipata joto ni maji matupu," aliniambia. "Ukishamdunga ng'ombe huwezi kujua kama ni dawa au ni maji, mpaka ng'ombe afe. Itie ndani ya friji. Mimi nakwenda malishoni kupanga zamu za watu. Nitarudi kesho kutwa."

Mvua zilikuwa zimeanza. Kila mtu alijua kwamba barabara ya Malindi ikishalowa sawasawa, hakuna sanduku jingine mpaka ikauke.

Alipoondoka nikafungua friji, nikakuta ndani pana joto kama kabati la nguo. Chini utambi unawaka. Nyuma bomba la moto halishikiki. Ndani, hakuna kitu.

Nikaanza kazi. Kwanza nilipandisha utambi, kwa kuwa niliona kwamba ikiwa moto ndio unaoleta baridi, moto mkubwa utaleta baridi kubwa. Moto ukageuka wa manjano, ukatoa moshi, bomba likajaa masizi. Nikauzima, nikasugua bomba, nikakata utambi ukawa sawa, nikauwasha tena. Ukawaka vizuri, mdogo, wa buluu. Nikangoja kidogo, nikafungua mlango. Joto. Na kila nilipofungua friji nilifungua na sanduku la dawa pia, nitazame barafu imebaki kiasi gani, kana kwamba kuitazama kungeizuia kuyeyuka.

Hivyo ndivyo nilivyoifikia ile asubuhi ya mara kumi na moja.

Mama Dahabo akaingia. Alikuwa mama wa Kisomali, mjane, watu wake wa upande wa Bangale, na alikuwa na ng'ombe watano waliokuwa wakingoja sindano pamoja na wengine. Kila asubuhi alileta maziwa kituoni katika bakuli la bati jeupe lenye mstari wa buluu ndani, karibu na ukingo. Meza yetu ilikuwa imejaa vitu vyangu, masizi na vitambaa, kwa hiyo akaliweka bakuli juu ya friji.

"Warya," akasema, akiniita kijana kwa Kisomali, "unafungua huo mlango kama mtu anatafuta bibi yake ndani."

"Haipoi, Mama Dahabo. Inawaka lakini haipoi."

"Dawa ya ng'ombe iko wapi?"

Nikamwonyesha sanduku. Hakulifungua. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, kisha akarudi kwenye friji akalitazama bakuli lake.

"Hii sanduku yako imelala," akasema, akiigonga friji ubavuni.

"Imelala vipi?"

"Angalia maziwa. Huku imeshika mstari. Huku iko mbali na mstari. Hii sanduku imelala upande."

Nilitazama. Ilikuwa kweli, na tofauti ilikuwa kama upana wa vidole viwili. Lakini unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama Dahabo, hii ni mashine, si kibuyu cha maziwa."

Hakukasirika. Alicheka, akaacha bakuli, akaenda kugawa maziwa mengine kwenye maduka. Aliniacha na kimya cha ile mashine.

Nilizunguka chumba. Nilikaa, nikasimama. Nikasikiliza barafu ikilia ndani ya maranda, mlio mdogo kama wa mtu anayetafuna. Kila mlio ulinichoma. Niliwaza kwamba sasa kimebaki kitu kimoja tu ambacho sijakifungua: yale mabomba ya nyuma. Nilikwisha kuona nati chini kabisa, imepakwa rangi nyekundu. Rangi ile iliwekwa na watu wenye akili kumwambia mtu kama mimi aiache. Nikachukua spana. Ikakaa kwenye nati sawasawa, kama imeundwa kwa ajili yake, na mwili wangu wote ukafurahi kwa kuwa hatimaye mikono ilikuwa na kitu cha kufungua.

Fimbo ikanigonga mkononi.

"Toa mkono!"

Mama Dahabo alikuwa amerudi kuchukua bakuli. Alikuwa hajui nati ile ni ya nini. Alijua tu sura ya mtu anayetaka kuharibu.

"Hii kitu ilikuwa baridi lini?" akaniuliza.

"Wiki iliyopita. Ilikuwa ikigandisha maji."

"Wiki iliyopita ilikuwa imesimama hapa?"

Nikaiweka spana chini.

"Warya, nauliza. Ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa chumba cha ndani."

"Nani alileta hapa?"

Mwanangu, mpaka dakika ile nilikuwa nimechunguza utambi, mafuta, bomba, kitasa, mpira wa mlango. Nilikuwa na orodha nzima kichwani, na nilijivunia orodha hiyo. Mimi mwenyewe sikuwa ndani yake.

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Hapo nilitamani nidanganye. Chumba cha ndani kilikuwa na sakafu ya saruji lakini hakikuwa na dirisha la barabarani. Hiki cha mbele kilikuwa na dirisha, na watu waliokuwa wakienda kivukoni waliweza kuniona nikiishughulikia friji yangu. Sakafu yake ilikuwa udongo wa Garsen, ule mweusi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba ukinywa maji. Mvua za kwanza zilipopita chini ya ukuta, udongo ukainuka upande mmoja, na friji ikainama. Mashine za namna ile hazitaki kuinama. Dawa iliyo ndani ya mabomba hutembea kwa kuteremka tu, haina kitu cha kuisukuma. Ikikuta njia imepinda, hukaa. Hayo nilikuja kuyasoma miaka mingi baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba nilikuwa nimeiweka pale ili nionekane.

"Ili watu waone," nikamwambia.

"Basi wameona," akasema Mama Dahabo. "Sasa rudisha."

Tuliuzima moto. Tukalowesha gunia, tukalipitisha chini ya miguu ya friji, yeye akavuta, mimi nikasukuma, taratibu, mpaka chumba cha ndani. Akaweka bakuli juu. Nikatia kipande cha bati chini ya mguu mmoja, kisha kingine, yeye ameinama anatazama mstari. "Bado. Bado. Hapo. Wacha!" Maziwa yalikuwa yameuzunguka mstari kwa umbali mmoja pande zote. Nikawasha utambi.

Kisha mkono wangu ukaenda kwenye kitasa.

"Ukifungua nakuchapa," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mimi najua? Hii kitu imekaa vibaya wiki nzima. Wewe unataka ipone saa hii hii?"

Akatoka nje, akarudi na kibuyu chake cha kusukia siagi, akanipakatisha. Akaketi mlangoni, mgongo kwenye fremu, ili nisipite. "Sukasuka," akasema. "Na hiyo pia usifungue."

Nikasukasuka maziwa kutoka saa nne mpaka alasiri. Mabega yaliwaka. Nusu ya mawazo yangu ilikuwa kwenye ule mlango wa friji na nusu kwenye sanduku la barafu. Mara mbili niliinuka, na mara mbili akanitazama nikaketi. Alikuwa na kazi zake, mwanangu. Alikuwa na ng'ombe. Lakini alikaa, kwa kuwa alinijua: angeondoka, ningeshika spana.

Kesho yake adhuhuri nilifungua mlango. Kwenye lile kabati dogo la juu palikuwa na uzi mweupe wa barafu, mwembamba kama unywele wa mzee. Nikahamisha chupa zote haraka, nikafunga, nikaketi sakafuni.

Bwana Mifugo alirudi jioni. Ningeweza kunyamaza, chupa zilikuwa zimeshapoa na sura zao zilikuwa moja. Nilimweleza yote, na friji nilivyoihamisha, na mara ngapi nilifungua sanduku. Chupa zilizokuwa juu, nilimwambia, nilizikuta zimekaa juu ya maji, si juu ya barafu, na ndani ya friji nilikuwa nimeziweka upande wa kushoto. Hakunipigia kelele. Alizitoa zile za kushoto moja moja, akazimwaga nje penye mchanga.

Dawa iliyobaki haikutosha ng'ombe wote. Walidungwa kwa zamu zilizopangwa malishoni. Zamu hizo zilipangwa siku ile ambayo Mama Dahabo alikuwa ameketi mlangoni kwangu, na asiyekuwepo alikuwa amewekwa mwisho. Chupa ya mwisho ilikwisha kabla ya kumfikia. Barabara ikafungwa. Sanduku jingine lilipofika, ng'ombe wake watatu kati ya watano walikuwa wamekufa.

Alikuja kituoni asubuhi moja baada ya hapo, na bakuli lake. Maziwa yalikuwa chini sana ya mstari. Nilianza kumwambia pole.

"Wacha," akasema. "Sanduku imesimama?"

"Imesimama, Mama Dahabo."

Aliliweka bakuli juu ya friji, akainama, akatazama maziwa yake machache kwa muda mrefu. Kisha akainuka.

"Basi," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo sijatengeneza mashine yoyote bila kuweka kwanza bakuli la maji juu yake. Wanafunzi wangu hucheka. Nawaacha wacheke.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa kuwa najua mikono yako imefanana na yangu. Kitu kikiwaka lakini hakifanyi kazi yake, usikimbilie kukipasua. Jiulize kwanza: kilikuwa kizima lini, na tangu hapo mimi nimefanya nini? Jibu hilo litamke kwa sauti, hata kama ni la aibu, na hasa kama ni la aibu. Rudisha ulichokisogeza. Kisha kipe muda wake, si muda wako, na mikono yako itafutie kazi nyingine. Mtu asiyejua jina la mashine akikwambia imelala, mwamini macho yake kabla ya kuamini sifa zako. Na ukiharibu, sema saa ile ile. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa kwa siku mbili, na siku mbili hizo hazikulipwa na mimi. Zililipwa na mama aliyekuwa akinizuia nisiharibu zaidi.

Mungu akupe mikono stadi, na akupe na mtu wa kukaa mlangoni siku mikono hiyo itakapokataa kutulia. Akuwezeshe kumsikia angali ameketi hapo. Na kila utakachokisimamisha, kisimame sawa. Amin.