Siku Baba Alipopigana Mieleka na Ireri

Nilipokuwa mtoto kule Kanja, mieleka ilichezwa kila tukimaliza kuvuna mahindi, na mimi nilikatazwa kumtazama Ireri machoni. Baba yangu, Njeru, ndiye aliyemwangusha kaka yake Ireri uwanjani, na kijana yule akavunjika mgongo. Hakutembea tena mpaka alipokufa. Wazee walisema ni bahati mbaya ya mchezo. Ireri hakusema neno, na kimya chake ndicho kilichomnyima usingizi nyanya yangu, tuliyemwita Cucu.

"Mtu asiyedai hata mbuzi wa kusafisha damu," alimwambia Baba, "anataka kitu kingine."

Mavuno yaliyofuata, Ireri akamwita Baba uwanjani mbele ya watu wote. Baba hangeweza kukataa. Asubuhi ile Cucu alimwonya achunge nyayo zake, maana kwetu iliaminika kwamba adui akiokota udongo ulioukanyaga, ameshika nguvu zako.

Walishikana jua likiwa utosini. Mara mbili Baba alimwinua Ireri, mara mbili Ireri akachomoka. Kisha Ireri akarudi nyuma, akainama, akachota udongo pale Baba alipokuwa amesimama, akausugua viganjani.

"Njeru, toka!" Cucu akapiga kelele. "Amechukua unyayo wako!"

Baba akageuza kichwa. Ireri akamwingia miguuni, akamnyanyua, akambwaga kwa bega. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ireri akabaki amesimama juu yake, akilia kwa sauti, akilitaja jina la kaka yake.

Mkono wa bega lile haukuinua jembe tena. Kijiji kizima kikasema Cucu aliona mbali. Nilipokuwa mkubwa nilijua kwamba wacheza mieleka wote hujipaka vumbi viganjani ili mshiko usiteleze kwa jasho. Nikamuuliza Baba.

"Mimi niliangushwa na sauti ya mama yangu," akasema. "Lakini usimwambie."

Sikumwambia. Cucu alizikwa akijua alisema kweli.

Siku hizi nafundisha sayansi Embu mjini. Ireri amezeeka, na nikipita kwake hunikaribisha vizuri, huniita binti yake. Nampenda, kwa kweli. Lakini chai anayonipa mimi huiacha ipoe, nikijifanya nimenogewa na mazungumzo, mpaka nimwone yeye amekunywa kwanza.