Mjomba Aliyepotea Kwenye Orodha

Saa mbili na nusu asubuhi. Mama Intaneti anapangusa kioo cha kompyuta, anavaa miwani, anabofya alama ndogo pembeni mwa kisanduku cha kutafutia. Orodha inashuka. Anaisoma mara mbili.

"Shangazi yupo. Jirani yupo," anasema. "Mjomba hayupo."

Asiyelijua duka hili la intaneti angedhani anahesabu wageni wa harusi. Kumbe hayo ni majina ya mitambo ya kutafutia habari mtandaoni, na aliyeyatunga ni marehemu mumewe, aliyefungua duka miaka kumi na tisa iliyopita. Shangazi anajibu haraka, ila hakuachii mpaka akuuzie kitu. Jirani hamwambii mtu ulichouliza. Mjomba ni mzito, lakini ya zamani anayakumbuka yote.

"Mume wangu alikuwa akisema, ukibisha mlango mmoja utajua ya nyumba moja," anakumbuka. "Mteja akikosa kwa Shangazi, tunambadilishia, tunamwuliza Mjomba. Ni kubofya mara mbili tu."

Enzi hizo kompyuta zilikuwa nane na wateja sitini kwa siku, foleni hadi nje. Raha iliyoje. Leo zimebaki tatu, na wakifika watu kumi na wawili, siku imekuwa njema. Wengine wana simu zao, na simu hubisha mlango uleule kila siku.

Mjomba ameondoka na fundi. Jana fundi huyo alikuja kusafisha mashine zote, akarudisha mipangilio ya mwanzo, na Mjomba, ambaye aliongezwa kwa mkono, akafutika. Kumrudisha si kazi, unaandika anwani yake tu. Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

"Miaka yote hiyo sikulijua jina lake halisi," anasema, anacheka, kisha hacheki tena. "Kwangu alikuwa Mjomba."

Kinachomuuma si wateja. Siku ya ufunguzi mumewe aliweka ukurasa mtandaoni, na picha yake akiwa mlangoni na tai ya kuazima. Kila mwaka, tarehe hiyo, mjane huyu huutazama. Shangazi hauoni, Jirani hauoni. Na tarehe yenyewe ndiyo leo.

Saa nne anaingia muuguzi mstaafu, mteja wa tangu mwaka wa kwanza. Anasikiliza, anafungua mkoba, anatoa daftari lililochakaa.

"Shemeji, mumeo, alinilazimisha niandike anwani ya Mjomba," anasema. "Aliniambia, nyumbani mwite Mjomba, lakini barua haifiki bila jina kamili."

Mama Intaneti anaiandika anwani herufi kwa herufi, anaiongeza kwenye orodha, anabofya. Mjomba anajivuta, kama kawaida yake. Kisha picha inafunguka kuanzia juu: kibao cha duka, uso, tai.

"Ile tai hakuirudisha," anasema muuguzi.

"Ninayo kabatini," anajibu, akijifuta macho kwa kitambaa cha kupangusia vioo.

Jumamosi ataanza kuwafundisha wazee wa mtaa kubadili mitambo hiyo, bure. Sharti ni moja, kila mtu aje na daftari.

"Na ukurasa wa kwanza waandike jina langu kamili," anasema. "Hapa wote mnaniita Mama Intaneti. Nikiondoka, mtanitafuta kwa jina gani?"