Duka Ndani ya Kabati

Shule yangu ya kwanza ilikuwa kando ya ziwa, nje kidogo ya Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru. Nilitoka chuoni nikiamini kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, si kwa kuimba majibu. Ili nithibitishwe kazini, mkaguzi alipaswa kuniona nikifundisha hivyo. Sikuwaza jambo jingine. Hata namna ya kushika chaki niliifanyia mazoezi.

Mwalimu mkuu alizisifu njia mpya katika kila mkutano wa wazazi. Lakini duka la darasani, yaani makopo, mizani ya mbao na pesa zilizokatwa kwenye maboksi, alilifungia kabatini.

"Japuonj," aliniambia, jinsi mwalimu anavyoitwa kwetu, "watoto watavichafua vifaa."

Basi vikawa vinapanguswa vumbi tu.

Siku ya mkaguzi kabati likafunguliwa. Nikamweka binti wa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, awe muuzaji, na akaja na omena halisi kutoka kwao. Mkaguzi, ambaye kaptura yake ilipigwa pasi hadi ingeweza kusimama bila yeye, akaagiza makopo matatu. Msichana akapima, akamimina kwenye gazeti, kisha akachota konzi moja akaongeza juu.

"Umekosea. Nilisema matatu."

"Yametimia, bwana. Hii ni nyongeza."

"Kwenye hesabu hakuna nyongeza."

"Haya, nenda kwa mama wa pale uone kama atakuongeza!" msichana akapaza sauti, kama mama yake akiwa sokoni.

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilikuwa napima uso wangu: nikicheka, mkaguzi ataona ukaidi, nikinuna, nimemsaliti mtoto. Nikakohoa.

Mtu yule alizunguka wilaya nzima, hadi Migori, akihubiri kwamba maisha ya kijiji yaingie darasani. Yalipoingia yakinuka samaki, akaziba pua.

"Hawa wanacheza, hawahesabu," aliniambia mlangoni. "Tutakuona tena mwakani."

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza, akamsindikiza hadi kwenye gari, akarudi kufunga kabati.

"Mwakani mweke binti yangu auze," alisema. "Na samaki wawe wa karatasi."

"Ndiyo, mzee," nikajibu, na papo hapo nikaanza kuhangaika nitapata wapi karatasi inayong'aa kama omena.