Mbona Bado Inagonga

Mwanangu alinipangia maisha kwa simu, yeye akiwa Embu na mimi nikiwa Githongo, nimesimama dukani nikikata karatasi. Alikuwa amenitengenezea chumba nyuma ya nyumba yake, chenye dirisha kubwa na choo cha ndani, na alikuwa ameshapata mtu wa kuuza simu ambaye angelichukua duka langu hata kesho yake.

"Mum, umechoka," akaniambia.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekasirika, na watu wengi hawajui kutofautisha hayo mawili wakimwangalia mwanamke mwenye mvi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja karibu na steji ya matatu. Tulilifungua mimi na marehemu mume wangu, tukipiga chapa barua za watu, na polepole likageuka kuwa duka la programu za mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kiwepo kile kijitabu chenye picha yake mbele, historia yake ndani na nyimbo nyuma. Na kwa kuwa watu wa hapa hawapendi kuaibishwa, wengi huja mapema. Mzee anavaa koti, mama anafunga kitambaa kipya, wanakaa kwenye kiti changu nawapiga picha, kisha wananiagiza: "Hii ndiyo utaweka. Wasikuletee ile ya kitambulisho." Nami hukubali. Picha hizo zote ziko kwenye kompyuta yangu, na wengi wa wenyewe bado wanachuma kahawa na kunipungia mkono barabarani.

Sasa kompyuta hiyo ikaanza kugonga. Diski yake ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka, na ndani yake kukawa na sauti kama kuku anayedonoa sufuria. Ikigonga, kila kitu kinasimama kwenye skrini, halafu kinaendelea. Nilikosea nikamtajia mwanangu. Akaona amepata pa kunishikia.

"Jumamosi nakuja na pikapu," akasema. "Kama hiyo mashine iko sawa, sitaongea tena. Kama imekufa, tunafunga duka, tunaenda Embu."

"Njoo," nikamwambia.

Alisema pia angeninunulia laptop mpya, kana kwamba shida ilikuwa upya. Mfumo ulio kwenye mashine yangu uliwekwa na baba yake kwa mkono wake, pamoja na ule mtambo wa kupanga kurasa ambao siku hizi hauuzwi tena, na kile kitu kinachoifanya printa yetu kuukuu ikubali kazi. Sikutaka kuanza upya. Nilitaka mfumo wote uhame kama ulivyo.

Nilikuwa nimeangalia video kwenye simu mpaka macho yakaniwasha, nikajua ninachotaka. Nilitaka SSD mbili, zile diski mpya ambazo hazina kitu cha kuzunguka ndani, nizifunge kwa mtindo wa RAID. Yaani zote mbili zinaandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine ina kila kitu, na kazi haisimami.

Meru mjini, mwenye duka alijaribu kunihurumia. Alikuwa mzee Mwislamu, mpole, mwenye kofia nyeupe safi. "Mama yangu, chukua moja kubwa," akasema. "Mbili za kuandika kitu kimoja ni hasara tupu." Nikamwambia nataka mbili zinazolingana. Akaniuliza kama nimetumwa na kijana wangu. Nikamjibu kwamba kijana wangu ndiye ninayebishana naye. Akacheka, akaenda kuzitafuta.

Alhamisi nilifunga mlango, nikaifungua kompyuta ubavuni, nikazipachika. Niliutayarisha mfumo uzitambue, nikaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla mashine haijaamka, nikaziunganisha ziwe kitu kimoja, kisha nikaanza kunakili. Diski ya zamani ilikuwa na sehemu mbili: moja kubwa yenye kila kitu, na nyingine ndogo sana, ya mbele, isiyo na picha wala barua. Hiyo ndogo nikaiacha. Mimi nikihama sibebi takataka. Nilipomaliza nikawasha, ikawaka. Picha ziko, printa inaitika. Nikanywa chai yangu nikijisifu peke yangu.

Jumamosi alifika na pikapu ya kuazima na kamba ndani. Nilimpa sahani ya mukimo na sikumwacha amalize.

"Haya, angalia."

Aliangalia. Akafungua picha moja, akafungua nyingine. Kisha akasogeza sikio karibu na mashine.

"Mum, mbona bado inagonga?"

Nilikuwa nimeizoea ile sauti hata siisikii tena. Nikazima, nikachomoa diski ya zamani, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja mweupe wa kusema haioni pa kuanzia. Kumbe siku hizo zote mashine ilikuwa ikiamkia kwenye diski ileile mbovu, na zile mpya zimekaa tu. Uso ulinichoma kwa aibu.

Mwanangu hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Si umejaribu, Mum," akasema kwa upole. Akatoka nje, akapanda kwenye ndoo, akakishusha kibao cha duka na kukilaza kwenye pikapu.

Nilikuwa bado nimeshika ile diski mkononi wakati mama mmoja wa Kanyakine alipoingia. Alisema nusura apite, kwa kuwa hakuona kibao akadhani tumefunga. Baba yake alikuwa amefariki. Mzee alikuwa amewaachia neno: picha yake iko kwangu, ile ya kofia. Nilimkumbuka vizuri, kwa sababu nilimwomba aivue akanikatalia kabisa.

"Iko," nikamwambia. "Keti hapo." Na kwa mwanangu nikasema, "Mpe mgeni chai."

"Mum, lakini..."

"Chai."

Nikageukia mashine. Nilijua nilipokosea. Kile kipande kidogo cha mbele, kile nilichokiita takataka, ndicho kinachoiamsha kompyuta, na mimi kwa ujuaji wangu nilikiacha nyuma. Nikairudisha diski ya zamani, nikarudia kazi yote, safari hii nikianza na hicho kidogo. Nyuma yangu wale wawili waliongea habari za mvua na barabara, na hakuna aliyethubutu kuniuliza itachukua muda gani. Ilipoisha nikaitoa diski ya zamani, nikaiweka mezani kila mtu aione, nikawasha.

Haikugonga hata mara moja. Skrini ikajaa, na muda si muda mzee wa Kanyakine akawa anatutazama na kofia yake.

"Ni yeye," binti yake akasema, akaanza kulia. Na mimi nikalia, sioni haya kusema.

Printa ikaanza kazi. Mwanangu alisimama kando yangu, akashusha sauti. "Sawa, leo umeweza. Lakini siku nyingine itaharibika ukiwa peke yako hapa, Mum. Hiyo ndiyo inanisumbua. Uko peke yako."

Basi hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe, na lilikuwa limechukua muda kutoka. Niliinama, nikaingiza mkono ubavuni mwa mashine, nikachomoa waya wa SSD moja huku kazi ikiendelea. Mama wa Kanyakine akashika kifua. Onyo likatokea kwenye skrini.

"Inasema iko hatarini," mwanangu akasoma. "Imebaki na moja."

"Najua, na si uongo. Sasa angalia printa."

Karatasi zilikuwa zinatoka, moja baada ya nyingine, mzee na kofia yake, mzee na kofia yake.

"Baba yako alipofariki nikabaki peke yangu hapa," nikamuuliza, "mimi nilizima?"

Alitazama karatasi zikitoka, kisha akatoka nje. Nikasikia mlango wa pikapu, nikadhani anaondoka bila kuniaga. Nikarudisha waya mahali pake, na ile diski ikaanza kunakili upya kutoka kwa mwenzake. Halafu nikasikia nyundo juu ya mlango.

Kibao alikirudisha kwa misumari mingi kuliko aliyotumia baba yake, na sasa hata mimi mwenyewe nikitaka kukishusha siwezi.