Droni Aliyoipima Védastine

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Védastine alimvika mumewe chandarua kichwani, akamwambia atembee kama bibi harusi.

"Polepole, Papa Teta. Bibi harusi hakimbilii basi."

Ladislas, fundi matofali ambaye mgongo wake ulistaafu kabla ya mikono, akatembea kando ya ziwa pale Nkanka huku majirani wakishika mbavu. Mmoja akauliza mzee huyu anatolewa ng'ombe wangapi. Védastine hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye simu, na juu ya chandarua droni ililia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, tangu wakati wa kaseti, kule Bukavu, Congo, walikokulia, mpaka waliporudi upande huu wa ziwa. Rukundo, mwenye studio ya Kamembe, ndiye aliyempa kazi za harusi. Sasa wateja walitaka picha za kutoka juu. Rukundo akanunua droni ya bei ya chini, akapata ruhusa ya kuirusha, akampa Védastine aipime: inafaa kazi ya watu, au ni ya kuchezea? Jumamosi kulikuwa na harusi hapo hapo ufukweni. Akisema inafaa, harusi ni yake.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limelala. Picha zilitulia, migomba ikasimama wima, hata mshono wa chandarua ulionekana. Ladislas akaona mambo yameisha.

"Mwambie inafaa, twende tukale."

"Ngoja upepo."

Mchana upepo ukaamka, kama kila siku. Droni ikayumba. Picha ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ziwa likainama upande mmoja. Betri, ambayo asubuhi ilivumilia, ikaisha upesi kwa kushindana na upepo. Kurudi ilirudi, lakini kwa kutambaa.

Védastine akampigia Rukundo. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, Ladislas akasikia yote.

"Maman, sema tu iko muzuri. Nimeshaahidi batu."

"Umeahidi wewe. Mimi nimeona."

"Bataangalia mauwa, hawataangalia kutetemeka."

"Mama ya bibi harusi ataangalia mutoto wake. Rukundo, hii kadege haiko ya kazi."

"Basi pumzika, Maman. Nitatafuta muntu mwenye haogopi upepo."

Akapumzika kweli. Kabla ya Jumamosi presha ilimwangusha jikoni. Hospitalini mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini akili ilikuwa nzima. Ladislas alilala sakafuni, kando ya kitanda.

Jumapili jirani alileta habari. Droni ilipaa mbele ya wageni wote, upepo ukaichukua kuelekea Congo, ikazama. Mpiga picha mpya wa Rukundo alikuwa ameikodolea macho huko juu. Bibi harusi alipomkumbatia mama yake na wote wawili wakalia, hakuna kamera iliyowaona.

Ladislas alifurahi, wala hakuona aibu. Védastine aligeukia ukuta. Kisha akasema maneno machache, kwa taabu, akamtaka mumewe ayafikishe kwa Rukundo. Wiki hiyo hiyo akafa.

Rukundo alikuja kwenye kilio na viti vya kukodi na shati jeusi. Mbele ya watu akamwita marehemu mama wa sisi wote wa kamera. Ziwa hakulitaja. Wakati wa ugonjwa hakufika hata mara moja. Watu walipopungua, akasogeza kiti karibu na Ladislas.

"Mzee, pole tena."

"Asante."

"Nimenunua ingine, kama ile ile. Kuna harusi huku kando ya ziwa, mwezi unaokuja. Maman alijua hizi vitu. Hakuacha neno?"

Ladislas alimtazama mdomoni. Mdomo ule ule uliomwambia mkewe apumzike. Angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini maneno yale hayakuwa yake, na mwenye kuyapokea alikuwa ameketi mbele yake, amepandisha mguu juu ya mguu. Akayatoa kama alivyopewa:

"Alisema hivi: 'Kadege iko muzuri asubui. Rukundo atafute bibi harusi wa asubui.'"